Fisi wa Suwaidi Aenda Jeddah

Tangu nirudi nyumbani mna swali moja tu, na mnaanza kucheka kabla sijalijibu: "Mwadime, ni kweli Waarabu nusura wakufunge kwa kugeuka fisi?" Mmoja wenu anaongeza kwamba nilikutwa nimemtafuna mbuzi wa bosi. Mwingine, simtaji, amewaambia watu wa kwaya kwamba niliteremshwa kwenye ndege na mnyororo shingoni.

Mnyororo haukuwapo. Mbuzi alikuwapo, ila alikuwa juu ya wali, na tulimla watatu. Ketini niwaeleze safari yote, na anayetaka kucheka asubiri nifike Taif.

Suwaidi

Jina la nyumba yetu mnalijua. Tangu enzi za babu zenu inasemwa kwamba watu wa kwetu hujivika ngozi ya fisi jua likitua, na kwamba jambo hilo hurithiwa kama shamba. Ninyi ndio mliokuwa mkinililia "uuu-wii" njiani kwenda shule. Nilipokwenda Saudia kuendesha gari, nilidhani hadithi hiyo nimeiacha uwanja wa ndege wa Nairobi. Kumbe hadithi haipimwi kwenye mizani. Ilipita nami.

Bosi wangu alikuwa Abu Turki, mtu mpole mwenye simu mbili na usingizi mwingi. Tulikaa mtaa wa Suwaidi, upande wa magharibi wa Riyadh: yeye, mkewe ambaye sote tulimwita madam, watoto wao, na mama yake mzazi, Bibi Nura. Jikoni alikuwako Mumbua, dada wa Machakos. Mimi waliniita Hamdi, kwa sababu "Mwadime" lilikuwa likiwakwama kooni kama mfupa wa samaki.

Ijumaa moja nikiwarudisha watoto kutoka bustanini, walipigana garini mpaka mmoja akanipiga kwa kiatu kisogoni. Nikaona niwatulize. Nikawasimulia jinsi babu yangu Mwakio alivyokuwa akitoka jioni akiwa mtu, na kurudi alfajiri ana damu mikononi na paja la mnyama begani. Nikamalizia kwa kicheko cha fisi, kile kile cha nyanya yangu, kinachoanzia tumboni na kutokea puani. Watoto wakanyamaza kimya mpaka nyumbani. Walipofika, wakafungua midomo yote kwa pamoja.

Jioni ile chai yangu ililetwa kwa kikombe cha karatasi. Kesho yake madam alikaa kiti cha nyuma kabisa na kusoma dua tangu tunatoka mpaka sokoni. Alipotaka nikate kulia hakusema neno. Alinigusa bega kwa kona ya boksi la tishu.

Mumbua alinivuta hadi mlango wa jikoni.

"Wewe una akili kweli? Kwenu ukisema hivyo watu wanacheka. Hapa neno hilo lina jina lake, linaitwa sihri, yaani uchawi, na halina mzaha. Mtu anaingia ndani na hatoki."

"Ni hadithi ya nyanya yangu tu, Mumbua."

"Basi mwite nyanya yako aje atoe ushahidi."

Nyanya yangu amelala pale nyuma ya kanisa, mnajua. Sikuwa na shahidi.

Siku chache baadaye Abu Turki akaniita. "Hamdi, kesho baada ya swala ya alfajiri tunakwenda Jeddah. Mimi, wewe na mama. Chukua begi lako. Lote."

Neno "lote" lilinikosesha usingizi. Kwa kawaida familia ile ilikwenda Jeddah kwa ndege. Mumbua akakisia kwamba napelekwa kusomewa dua za kutoa uchawi, au napandishwa ndege moja kwa moja bila kuaga. Asubuhi akanipa chapati zilizofungwa kwa karatasi ya fedha na kuniambia, "Popote utakapofika, hata kama ni pabaya, nipigie." Nikaingia garini nikiwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, tofauti ni kwamba ng'ombe haendeshi lori.

Mteremko wa Muzahimiya

Tuliondoka Suwaidi mara tatu. Mara ya kwanza Bibi Nura alisahau birika lake la kahawa. Tukarudi. Mara ya pili alisahau udi, na akasema haiwezekani kuingia nyumba ya watu nguo zikinuka petroli. Tukarudi. Mara ya tatu tulikuwa tumeshafika barabara kuu, akatulia kidogo, akajishika mdomo na kusema, "Meno." Abu Turki akaegemeza kichwa kwenye kioo na kumwomba Mungu subira.

Kisha jiji likaisha. Pale ardhi ya Riyadh inakatika ghafla kama ukingo wa meza, na barabara inashuka ikijipinda hadi chini kwenye mchanga. Nilikuwa katikati ya mteremko, mguu kwenye breki, sauti ikatoka nyuma.

"Hamdi."

"Naam, yumma." Ndivyo wanavyomwita mama huko, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniamuru nimwite hivyo tangu wiki yangu ya kwanza.

"Wajukuu wangu wanasema wewe ni fisi."

Vidole vya Abu Turki vilisimama juu ya simu.

"Watoto, yumma, unajua watoto..."

"Sijakuuliza habari za watoto. Ni kwa baba au kwa mama?"

"Nini, yumma?"

"Ufisi. Umeurithi kwa baba au kwa mama?"

Nilikuwa na lori la saruji mbele na jingine nyuma. Mdomo ukajibu kabla ya kichwa. "Kwa baba."

"Aha," akasema.

Hakusema neno lingine mpaka tulipoiacha milima nyuma kabisa. Mimi nilibaki nikihesabu makosa yangu. Mtu mwingine hukiri baada ya kuhojiwa na polisi. Mimi nimekiri kwa bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho, mbele ya kafili wangu, bosi aliyenidhamini nchini, kwenye kona.

Wali wa Halaban

Barabara ya kwenda Taif haina hadithi. Ni mchanga, nguzo za umeme, na ngamia wanaokutazama kama umewadai. Karibu na Halaban lori la majani ya mifugo lilikuwa limepinduka na kuziba njia. Ngamia wa mtu fulani wakaona ni karamu, wakaingia barabarani na kula. Hakuna aliyeweza kuwafukuza. Dereva wa lori, Mpakistani, alikuwa amekaa juu ya robota akinywa chai, ameshakubali yaliyompata. Nikampelekea maji. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia sijui. Akanisogezea robota nikae.

Njia ilipofunguka, tukasimama kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta. Nilielekea kwa madereva wenzangu, kama ilivyo kawaida. Bibi Nura akapiga mkeka kwa kofi.

"Hamdi! Njoo hapa."

Ikawa sinia moja, sisi watatu, wali wa kabsa na mbuzi juu yake. Nikala kwa adabu ya harusini, tonge ndogo ndogo. Bibi Nura akakusanya mifupa yote upande wake na kunisogezea.

"Kula. Usione haya."

Mimi, kwa kuthibitisha ubinadamu wangu, niliiacha hivyo hivyo. Nikachukua tango. Bibi akanitazama kama mtu aliyenunua paka asiyekamata panya.

"Mimi nimeshakula fisi," akasema.

Nikalirudisha tango kwenye sinia.

"Nilikuwa mtoto, hemani, mwaka wa njaa. Wazee walisema ni halali, na ni dawa ya viungo. Nyama ngumu." Akanikagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Isije ikawa alikuwa jamaa yako."

Abu Turki alicheka mpaka wali ukamtoka puani. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu kile kikombe cha karatasi. Nikajisemea, watu wanaokucheka hivi hawawezi kuwa wanakupeleka pabaya. Kisha bosi akatoka nje kupokea simu ya madam. Nikamsikia akitaja Hamdi, akataja Jeddah, halafu akasema kwa sauti ya kukata, "Halas, halas." Mnajua maana yake: yamekwisha.

Taif na matunda yenye miiba

Taif iko juu, na hewa yake ni kama ya kwetu mwezi wa saba. Tulikodi nyumba ya kulala, Abu Turki akaingia ndani kusinzia, mimi na Bibi Nura tukabaki kwenye ngazi za mbele, jua bado liko juu. Kando ya njia walikuwa wanauza yale matunda ya mpungate. Akanituma ndoo nzima na kunipa kisu nimmenyee.

"Kwetu Najdi," akaanza, "fisi si mnyama wa kuogopwa kwa meno. Anaogopwa kwa hila. Anamjia mtu aliye peke yake, anajisugua kwake, na mtu akili zinamtoka. Anamfuata fisi huku akimwita 'Baba, baba, nisubiri.' Anamfuata mpaka pangoni. Akibahatika kujigonga paji la uso kwenye mlango wa pango, damu ikatoka, akili humrudia. Asipojigonga, basi."

"Ni uchawi, yumma?"

"Uchawi gani? Mtu hakufanya kitu. Amechukuliwa." Akala tunda moja. "Baba yangu alichukuliwa."

Nikaacha kumenya.

Yeye mwenyewe alikuwa mdogo, aliniambia, wa kubebwa juu ya ngamia na vyombo. Baba yake alikwenda kumtafuta ngamia jike aliyepotea, na hakurudi. Mama yao akawaambia watoto wake wawili kwamba fisi amemchukua. Waliishi na maneno hayo. Lakini dada yake mkubwa, Hessa, alipokua akaanza kusema mengine: kwamba baba alipanda lori la kwenda Hijazi, upande wa Jeddah, akaoa huko, akawasahau. Alilisema hilo mbele ya watu siku ya msiba wa mama yao. Tangu siku hiyo Nura na Hessa hawakuzungumza, ila salamu za Idi kupitia watoto.

"Sasa Hessa ni mgonjwa wa moyo, na mimi macho yanakwenda," akasema. "Tutakaa kwake mwezi mzima. Ndiyo maana nilimwambia Turki—" hivyo ndivyo alivyomwita mwanawe akisahau kwamba Turki ni mjukuu "—wewe uje na begi lako lote."

Jamani! Nilitaka kumbusu mkono. Begi lote, kumbe ni la nguo za mwezi mmoja.

"Na utanifanyia kazi moja," akaendelea. "Utamwambia Hessa kama fisi anaweza kumchukua mtu. Wewe ni wa nyumba yao. Mimi hatanisikia."

Furaha ikanitoka kwa mlango ule ule ilioingilia. Kwanza, kusema mbele ya bosi kwamba najua mambo ya fisi ni kujifungia jela mwenyewe na kumeza ufunguo. Pili, kulikuwa na jambo kuhusu babu Mwakio ambalo nalijua, na ambalo ninyi hamjawahi kuambiwa. Nikakata tunda vibaya, miiba ikanijaa vidole. Bibi Nura akaitoa mmoja mmoja kwa kugusa, maana vitu vidogo hivyo havioni, na kila mwiba ukitoka alisema, "Fisi gani huyu analia?"

Al-Hada, na njia ya kuzunguka

Asubuhi tukaanza kushuka mlima wa Al-Hada. Pale barabara inaning'inia, na kwenye kuta zake wanakaa nyani wenye manyoya ya mabega kama majoho. Tulisimama Bibi apunge hewa. Nyani mmoja akaja polepole, mikono nyuma kama mwalimu mkuu, akaingiza mkono dirishani na kuchukua chapati za Mumbua. Akaondoa karatasi ya fedha kwa utaratibu, akala moja, nyingine akampa mkewe.

"Watu wa huku husema hawa walikuwa binadamu," Abu Turki akaniambia.

"Bado ni binadamu, bosi. Tazama walivyogawana."

Chini kuna kibao kikubwa: Waislamu waendelee Makka, wengine wakate kando. Abu Turki na mama yake wangeweza kunyoosha, lakini dereva wao alikuwa Mkristo wa Taita, ikabidi sote tuzunguke. Bibi Nura alilalamika njia nzima. "Subhanallah! Fisi mmoja anatuzungusha milima yote hii." Kila tulipopita kilima alikinyooshea kidole: "Na hiki pia ni chako, Hamdi."

Jeddah

Jeddah inakupokea kama mtu aliyefungua kifuniko cha sufuria usoni pako. Miwani ya Abu Turki iliingia ukungu, akagonga mlango wa jirani. Nyumba ya Hessa, ambaye mimi nilimwita Mama Hessa kwa heshima, ilikuwa ya pili, mtaa wa Al-Safa.

Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti ya kuamrisha. Dada wale wawili wakabusiana mashavuni haraka haraka, kama watu wanaopima chuma cha moto. Tende zikaja, kahawa ikaja, na hakuna aliyesema lolote la maana. Mimi nikabaki nje na mizigo nikimwomba Mungu Bibi Nura asahau, kama alivyosahau meno.

"Hamdi! Ingia."

Nikakaa karibu na mlango. Abu Turki alikuwa pale, macho wazi. Siku zote analala, siku hiyo alikuwa macho.

"Huyu ni nani?" akauliza Mama Hessa. "Umeniletea mganga?"

"Nimekuletea dereva. Kwao wanageuka fisi. Muulize kama fisi humchukua mtu."

Nilimtazama bosi. Hakunisaidia. Nikamtazama Bibi Nura, ameinamisha kichwa upande wangu, amekaza masikio kwa kuwa macho hayatoshi. Nikaona nikisema ndiyo, nimejiita mchawi. Nikisema sijui, nimemwaibisha. Ikabaki kweli peke yake.

"Mama zangu," nikasema, "babu yangu hakugeuka kitu. Kwetu kuna mbuga kubwa ya wanyama, inaitwa Tsavo. Babu alikuwa akiingia huko jioni kutega swala, kwa sababu ya njaa, na kosa hilo ni jela. Hadithi ya fisi aliitunga nyanya yangu. Aliisambaza mwenyewe kisimani, ili mtu yeyote asimfuate mumewe gizani, na sisi watoto tusiulize nyama imetoka wapi. Aliniambia nilipokuwa mtu mzima, akicheka mpaka machozi."

Basi mmejua. Na msinitazame hivyo. Nyama ile haikuliwa na nyumba moja, na babu zenu waliijua njia ya jikoni kwetu hata pasipo taa.

Mama Hessa akapiga paja. "Umesikia, Nura? Maneno ya wanawake! Baba alipanda lori. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa amevaa joho lake la Idi. Nani anavaa joho la Idi kutafuta ngamia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nimemvusha mama wa watu jangwa zima ili nije nimpe dada yake ushindi.

Lakini Bibi Nura hakubishana. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu nilipokuwa bi harusi. Mume wangu alimkuta hapa hapa Jeddah, sokoni, na watoto wengine."

Mama Hessa akaweka kikombe chini. "Basi miaka yote hii ulikuwa unanibishia nini?"

"Nikikubali, mama anakuwa mwongo. Alitulea peke yake katika hema lile, Hessa. Hakutaka tujue kwamba tuliachwa. Alichoweza kutupa ni fisi. Na wewe ukaja kumwita mwongo mbele ya watu, hata udongo wake haujakauka."

Abu Turki alikuwa akitazama zulia. Mama Hessa akavuta ncha ya shela na kujifuta, akitafuta kisingizio cha vumbi.

"Hasira zangu zilikuwa za baba," akasema mwishowe.

"Basi ungemtukana baba."

"Hakuwapo nimtukane!"

Wakatazamana, au tuseme mmoja akamtazama mwenzake na mwenzake akageuzia uso palipo na sauti. Kisha Mama Hessa akanigeukia, macho bado mekundu. "Wewe. Hiyo nyama ya babu yako, ilikuwa tamu?"

"Tamu, mama. Sana."

"Sisi hatukuletewa hata nyama," akasema.

Bibi Nura ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka meno yakalegea, akayashika kwa kiganja. Mama Hessa akafuata, akijipigapiga kifua pale penye ugonjwa, akisema, "Fisi mchoyo! Fisi mchoyo!" Wakashikana mikono wakabaki hivyo.

Nje, Abu Turki akaniambia kwamba ile siku ya Halaban mkewe alitaka nisiguse tena gari lao, naye alikuwa amemkatiza: halas, mwache. Jioni ile ya Jeddah Bibi Nura akamnyang'anya simu na kumwambia madam mwenyewe: "Hana sihri huyu. Alikuwa na nyanya, basi." Kwa hiyo sikufungwa, sikusomewa, na nilimaliza mkataba wangu na nyumba ile ile. Nilimpigia Mumbua. Alishukuru Mungu, kisha akauliza kama angalau chapati zilikuwa laini. Nikamwambia waliozila walizisifu.

Mwezi ule niliwaendesha wale dada kila alasiri hadi pwani, wakibishana kiti cha nyuma juu ya kila kitu kingine duniani. Siku moja tuliwabeba wajukuu wa Mama Hessa. Bibi Nura akaanza kuwasimulia jinsi baba wa bibi zao alivyokwenda kutafuta ngamia, na fisi akaja, akajisugua kwake. Watoto wakakumbatiana. Yule mkubwa wao, msichana mwenye mashaka, akamgeukia bibi yake ambaye kila mtu alijua hapendi upuuzi.

"Bibi, ni kweli?"

Nilitazama kwenye kioo. Mama Hessa alikuwa ameangalia bahari. Alichukua muda wake.

"Kweli," akasema. "Mimi nilimwona fisi mwenyewe. Alikuwa amevaa joho la Idi."